Ufa wa Mpini

Wahenga walituasa kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Tunaitikia vizuri, kisha ufa wenyewe tunaupa mgongo. Makoye wa Kishapu alikuwa mmoja wetu.

Makoye alisifika kwa kuchezea jembe. Vijana walipolima kwa ngoma, yeye ndiye aliyelirusha juu, likazunguka hewani, akaudaka mpini bila kupoteza hatua. Sifa hizo zilimlevya kuliko pombe ya mtama.

Mwaka uliofuata ule wa nzige, mpini wake ulipata ufa pale mkia wa chuma cha jembe unapopenya. Mkewe Mbuke, mjamzito wa mtoto wao wa kwanza, ndiye aliyeuona. Alimsihi achonge mwingine. Makoye akaufunga kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, akauanika juani. Ngozi ilipokauka ikabana kwelikweli, naye akaridhika.

Mbuke hakuridhika. Akamwita kwa jina la baba yake, kama ilivyo heshima ya kwao.

"Ng'wana Maige, ngozi ikinywa maji hulegea."

"Jembe hili linanijua," Makoye akamjibu. "Mpini nitachonga tukishavuna."

Mvua ikanyesha. Kulipokucha, Makoye alianza kupalilia nyasi zilizousonga uwanja wa nyumba, maana nyoka walikuwa wameanza kujificha humo. Alikuwa kwake, mahali ambapo mtu hadhani kuna hatari. Nyasi zilikuwa zimelowa, na kila alipolima ule ukanda ulizidi kulegea. Mbuke alipotoka na kibuyu cha uji, Makoye alitaka kumchekesha. Akalirusha jembe juu kama afanyavyo ngomani.

Mpini ulirudi mkononi mwake. Chuma kilichomoka, kikampata Mbuke shingoni. Alianguka, uji ukamwagika. Jua halijapanda sawasawa, akakata roho pamoja na kile kilichokuwa tumboni.

Walimzika hapo hapo nyumbani. Fisi wa kule hawaheshimu kaburi, kwa hiyo Makoye alibeba mawe kutoka kilimani, akayapanga kulizunguka hadi yakamfika kiunoni. Viganja vilimchubuka, asijali. Jirani yake Bujiku alikuja kumsaidia, Makoye akamkatalia.

"Niache," alisema. "Mpini ningeuchonga siku moja tu, kabla ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni."

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na Makoye aliujenga kwa mikono yake mwenyewe.