Alama za Joka

Bwana Msellem ndiye aliyekuwa na meza, dadu na kahawa ya bure, kwa hiyo mchezo wa mashujaa ulichezwa alivyotaka yeye. Alasiri hiyo joka lilipouawa, alidai peke yake alama zote za uzoefu, zile zinazompandisha shujaa daraja.

"Nimeliua mimi! Na asiyepanda daraja leo, kesho asije kwangu."

Remla, mgeni wa mchezo, aliinamisha macho. Shujaa wake alibaki daraja la chini kwa kuwa kila zamu alitibu majeraha ya wenzake badala ya kupiga. Saumu, mchezaji mwenzake, alimwona, akamsogezea kahawa yake mwenyewe.

"Ni haki yako, Bwana Msellem," Saumu akasema. "Chukua na zangu za jana pia."

"Leo umepata akili, mwanangu."

"Ila uzipokee sasa hivi, tusije tukaingiwa na wivu."

"Zote! Sasa hivi!"

Bakathiri, msimamizi wa mchezo, akajumlisha. "Hongera, bwana. Umefika daraja la mwisho. Shujaa wako ametawazwa sultani."

Msellem akajipigia makofi. "Mmeona?"

"Tumeona, mtukufu," Saumu akasema. "Sasa tufuate kanuni uliyoitunga mwenyewe mwaka jana, mwenzetu Hamadi alipokutangulia kutawazwa: sultani huwagawia askari wake alama zote, kisha hukaa kasrini, vitani haendi tena. Remla, umepanda daraja, dadu hizo hapo. Nawe sultani wetu, kwa kuwa huna kazi, hebu tuongezee kahawa."