Mhanga Alivyochora Mji kwa Nyayo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya watu waliolala. Nipeni nyingine. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Kaeni vizuri, watoto mbele, wakubwa nyuma, na wewe acha kumfinya mwenzio.

Enzi hizo wanyama hawakuwa na mji. Kila mmoja alilala pale alipochokea. Kisha nyanda za juu zikakauka. Kisima cha kwanza kikafa, na cha pili kikafa. Wanyama wakateremka bondeni kwenye mto usiokauka. Wakaja pundamilia, wakaja swala, wakaja kanga na vifaranga vyao, tifu tifu tifu, vumbi mpaka juu. Bonde likajaa. Huyu kamkanyaga yule mkia, yule kamlalia huyu mguu. Kelele kutwa.

Mtemi wa bonde alikuwa Nyati. Akasema, "Hatuwezi kuishi kama mzigo uliomwagwa njiani. Niitieni anayejua kupanga."

Wakamwita Mhanga. Mnamjua Mhanga? Pua kama ya nguruwe, masikio kama ya punda, makucha kama majembe. Huyo ndiye bingwa wa kuchimba. Anachimba nyumba, anaingia Ngiri. Anachimba nyingine, anaingia Nungunungu. Nusu ya wanyama wa nchi ile walizaliwa ndani ya kazi ya mikono yake. Naye alilijua hilo, akatembea kichwa juu. Na kwa nini asitembee hivyo? Kazi nzuri haimfichi mtu uso.

Mtemi akamwambia, "Bi Mhanga, nataka mji. Barabara zinyooke. Nikisimama kilimani nione mwanzo na mwisho wake."

"Utaupata, Mtemi."

Akachimba. Chwa, chwa, chwa. Sasa nisikilizeni hapa. Mhanga akichimba hukunja masikio yake, yakalala nyuma, udongo usiingie. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Swala akaja akasimama pembeni. Akasema, "Bi Mhanga, hapa mlima ni mkali, na mimi nina mimba." Mhanga chwa, chwa. Kobe akaja akasema, "Hapa ni mbali na maji, mama." Mhanga chwa, chwa, chwa. Hakumdharau mtu. Alikuwa hasikii tu.

Mji ukakamilika. Ukapendeza kweli kweli. Barabara zimenyooka moja kwa moja kutoka kilimani mpaka mtoni. Mtemi akasimama juu, akaona mwanzo, akaona mwisho, akafurahi. Mhanga naye akautazama mpaka machozi yakamlengalenga. Akasema moyoni, "Huu ni wangu."

Siku hazikuwa nyingi, akabishiwa hodi. Alikuwa Kanga. Nyuma yake kulikuwa na kifaranga mmoja tu.

"Karibu, shoga yangu. Wengine umewaacha wapi?"

Kanga akasema, "Kwenye ile njia panda yako. Pundamilia wanashuka kunywa maji. Barabara imenyooka, mlima unawasukuma, wakianza kukimbia hawawezi kusimama. Nami napita hapo hapo, maana hukuniachia pengine. Sikuja kugombana, dada. Nimekuja uniambie, na huyu aliyebaki nimpitishe wapi?"

Mhanga alimtazama yule kifaranga, akaona aibu. Chakula kilimshinda siku hiyo. Akainuka akaenda kwa Mtemi.

"Mtemi, mji huu haufai. Naomba tuuvunje."

Ngiri alikuwepo, mpambe wa Mtemi, mkia umesimama wima kama kawaida yake. Akadakia, "Bi Mhanga, una akili timamu kweli? Mji mzuri hivi?"

"Mzuri wa kutazama. Kuishi ndani yake, hapana."

Mtemi akapumua, fuuu, vumbi likaruka. "Na ukikosea tena?"

"Sema wewe, Mtemi."

"Ukikosea tena, hutachimba katika bonde hili. Wewe, wanao, na wajukuu wako. Mtaondoka."

Mhanga akafikiria wanawe waliokuwa wakicheza kwenye udongo, tayari wanajua kuchimba kwa mstari ulionyooka. Kisha akasema, "Nimekubali. Nipe msimu mmoja wa mvua. Mtu asijenge. Nyasi ziote. Kila mnyama apite anapotaka kupita."

"Na wewe utakuwa unafanya nini?" Ngiri akauliza.

"Nitatazama."

Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani, fundi wa kutazama."

Mvua ikanyesha. Cha cha cha cha. Nyasi zikaota, zikafika magotini, zikafika kifuani. Barabara zile zilizonyooka zikamezwa zote. Wanyama wakaanza kupita. Hapa nyasi zikalala, pale zikabaki zimesimama. Mhanga akatoka alfajiri na jioni, masikio wima, anauliza. Kwa nini hukukatiza hapa? Kwa nini umezunguka kule?

Swala akasema, "Kule mteremko ni wa taratibu, tumbo halinivuti."

Kanga akasema, "Mimi nafuata vichaka, mwewe asimwone mwanangu."

Pundamilia wakasema, "Sisi tupe uwanja mpana. Tukianza tumeanza."

Mhanga akastaajabu. Miaka yote hiyo aliwachimbia nyumba, na hakujua kwamba Swala anaogopa mteremko. Kila jibu akalichora chini kwa ukucha, na kila siku mchoro ukawa mzuri kuliko jana. Kazi ikamwingia upya, akaipenda kuliko alivyoipenda ujanani. Mvua zilipokatika, mji ulikuwa umeshajionyesha. Nyasi zilipolala, hapo ni njia. Nyasi zilipobaki zimesimama, hapo ni nyumba.

Kulikuwa na shida moja. Njia moja nyembamba ilipita katikati ya kilima kimoja kidogo ambapo Mtemi alikuwa ameshapigilia vigingi vya kasri lake.

Ngiri akaiona. "Hiyo ifute."

"Haifutiki."

"Bi Mhanga, ni kijinjia tu. Mpitaji mwenyewe hajulikani. Utaupoteza mji mzima kwa kijinjia?"

Hata Kanga akamvuta pembeni. "Dada, mimi yangu nimeipata. Nyamaza tu upone. Fikiria watoto."

Aliwafikiria. Mwishowe akasema, "Mara ya kwanza sikusikia kwa sababu nilikuwa nachimba. Nikinyamaza leo, nitakuwa nimekunja masikio kwa kusudi."

Baraza likaitwa, jua la utosini. Wanyama wote wakaja. Mhanga akauonyesha mji, njia kwa njia, na kila mnyama alipoiona njia yake akaitikia kwa kichwa, naam, hiyo ni yangu. Kisha akafika kwenye kilima. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mtemi, kasri lako lihame."

Wanyama wakatazamana.

Nyati akainuka. Akaparua ardhi, kru, kru. "Nani huyo mkubwa, hata mimi nihame apite?"

"Simjui. Hupita mchana huu wa jua kali, wakati mimi nimelala shimoni. Lakini naujua mguu wake. Njia nyingine zimekanyagwa na makundi, hii ni ya mmoja. Mguu wa nyuma wa kushoto anauburura. Hapa alipumzika. Hapa pia. Kwingine kote ni kukali, hawezi kupanda. Ukijenga ukuta hapa, mtoni hafiki tena."

"Ni alama za nani?"

"Kwato za nyati, Mtemi."

Mtemi akainama kutazama. Alipokuwa bado ameinama, nyasi zikalia, shwaa, shwaa. Akatokea nyati mzee, mbavu zinahesabika, anapanda polepole kutoka mtoni, mguu mmoja anauburura. Alikuwa mama yake Mtemi.

Mtemi akamgeukia Ngiri. Ngiri ndiye aliyepewa kazi ya kumpelekea mama maji kila siku. Ule mkia wa Ngiri ukashuka.

"Mama," Mtemi akasema, "kwa nini hukuniambia?"

Mama akapumua kwanza. "Ulikuwa na shughuli za mji, mwanangu."

Mtemi akainamisha pembe, akang'oa kigingi cha kwanza, akang'oa cha pili, mpaka vikaisha vyote, na hakumruhusu mtu amsaidie. Kisha akamwuliza, "Bi Mhanga, mimi nijenge wapi?"

Mhanga akakaa chini karibu yake. "Niambie kwanza, ukiamka asubuhi unapenda kuona nini?"

Mji ule ukajengwa. Barabara zake zimepinda na kila kona ina mwenyewe. Kanga akaangua tena na vifaranga wakakua. Wageni wakaja kutoka mabonde ya mbali kujifunza. Walipouliza nani kaupanga mji huu, wanyama walijibu, "Ni sisi na Mhanga." Mhanga aliposikia hivyo alijivuna kuliko siku ile aliposema mji ni wake. Na tangu hapo, barazani kwa Mtemi, hakijengwi kitu kabla ya yeye kuitwa. Naye akiitwa, haendi peke yake. Huwaita wote.

Basi sikieni. Kesho kutwa baadhi yenu mtashika rula na kalamu, mpange miji ya watu. Ni kazi ya heshima, msiione ndogo. Lakini mpangaji wa mji ni mtumishi wa miguu inayopita humo, na wa kwanza kutafutwa ni yule anayepita peke yake juani. Mji usiomwuliza huyo haujapangwa.

Hadithi yangu imefika mwisho, nami nimefika nayo.