Boliti Tatu za Kitonga

Hapo zamani, na msiende mbali, ni zamani ya juzi tu, malori yakiwa yamekwisha kuvaa majina juu ya kioo, alikuwapo mama mmoja aitwaye Subilaga. Alikuwa na lori lake mwenyewe na aliliendesha mwenyewe. Lakini lori hilo halikuwa na jina. Kila jina aliloletewa aliliona dogo, akalikataa, mpaka wachoraji wa Morogoro wakamchoka.

Basi siku hiyo moyo wake ulikuwa umejaa furaha. Binti yake Tumpe anaolewa Ilula, ibada saa saba mchana. Bibi harusi ameketi mbele na mama yake, gauni limefurika mpaka kwenye gia. Nyuma kuna mchele, masufuria, na bendi ya matarumbeta, watu tisa waliovaa nyeupe tupu.

Njia nzima Subilaga alilisifu lori lake. Zamani, alimwambia binti yake, likipanda mlima lilikuwa linanguruma utadhani linagombana na mtu. Mwezi huu limetulia, limekuwa na adabu. Masikini, hakujua anachokisifu.

Wakaanza kuupanda mlima Kitonga. Bendi ikaacha kupiga, kila mtu akakumbatia sufuria lisiteleze. Mshale wa joto ukapanda. Subilaga akauona, akajiambia bado kona chache tu. Mara mbele yake akasimama mwanamke katikati ya barabara, kashika kamba ya vitunguu mikono miwili. Subilaga akafunga breki, akidhani anauziwa vitunguu kwa nguvu.

Mwanamke huyo, Mama Sekindole, hakuuza kitu. Alisema ameuza vitunguu kwenye kona ile miaka kumi na minne, na hajapata kusikia lori lenye mzigo likipita pale bila feni kuvuma.

"Lako linapanda kimya, mama. Zima, utaiua injini."

Subilaga akazima. Mvuke ukafumka. Akatazama saa, saa tano na nusu, akamtazama binti yake, na machozi yakamlenga. Akashuka, akasema mbele ya watu wote:

"Atakayenifikishia mwanangu kanisani kabla ya saa saba, jina lake nitaliandika kwenye paji la lori hili, na halitafutwa."

Wengi wakakimbilia maji. Mpiga tarumbeta mmoja, Mkude, akawazuia. Siku za kazi yeye ni fundi wa magari. Akaisukuma feni kwa kidole, ikazunguka, ikazunguka, haina habari. Akapitisha mkono katikati yake, ukarudi na mafuta yaliyoganda vumbi.

Akawaeleza. Kati ya injini na feni kuna klachi, na ndani ya klachi mna mafuta mazito kama asali. Injini ikiwa baridi mafuta hujitenga, feni ikazunguka kivivu, isile nguvu bure. Rejeta ikitoa hewa ya moto, springi ndogo mbele ya klachi hufungua njia, mafuta huingia, hushika, na feni huvuma. Sasa mafuta yamevuja yote. Barabara ya tambarare upepo wa mwendo ulitosha, lakini mlimani lori linatambaa, upepo hakuna. Ukimya ule ulikuwa ugonjwa.

Dawa ipo, akasema. Klachi ina matundu matatu ya dharura. Ukitia boliti, feni na injini vinashikana, vinazunguka pamoja. Lakini boliti hizo hazikuwapo.

Hatua mia kutoka pale palikuwa na mashine ya kusaga ya mzee Kikoti. Ilikuwa Jumamosi, siku yake ya kazi kubwa, na wanawake kumi na mmoja walikuwa wamepanga madebe ya mahindi. Kikoti akaitazama boliti ya mfano ambayo Mkude aliifungua kwa muda kwenye injini, akaitazama mashine yake, akaizima. Akafungua boliti tatu kutoka kwenye gurudumu la mkanda. Wanawake wakashika viuno, wakateta kidogo, kisha wakasema chukueni, na sisi tunakwenda harusini.

Mkude akaingia chini ya boneti na nguo yake nyeupe, akatoka mweusi. Injini ilipowashwa, feni ikavuma mpaka mlima mzima ukaitika. Wote wakapanda, Mama Sekindole na Kikoti nao, na madebe yakapakiwa. Bendi ikapiga juu ya mvumo ule, wanawake wakapiga vigelegele juu ya bendi, na robo saa kabla ya ibada Tumpe alikuwa mlangoni mwa kanisa, anacheka.

Baada ya chakula akaitwa mchoraji, akaja na rangi yake. Akauliza aandike jina gani, na hapo maneno yakaanza.

"Andika Sekindole," akasema Mama Sekindole. "Lingekwenda kona mbili zaidi, injini ingekufa. Boliti zingefunga nini? Tena mimi nilisimama mbele ya lori kabla sijaahidiwa kitu."

"Alisikia, sikatai," akasema Mkude. "Lakini kusikia hakupandishi lori. Wote mlikuwa mnataka kumwaga maji tu. Nani alijua boliti zinakaa wapi?"

"Alijua zinakaa wapi, lakini hakuwa nazo," akasema Kikoti. "Angebaki na ujuzi wake pale pale barabarani. Mimi nilizima riziki yangu siku ya Jumamosi."

Ndipo mmoja wa wale wanawake, debe la mahindi mazima bado liko miguuni pake, akasimama akicheka.

"Boliti alitoa Kikoti. Njaa tulitoa sisi. Watoto wetu kumi na mmoja wanaulizia ugali saa hizi. Tungesema hapana, mngezipata wapi boliti hizo?"

Watu wakacheka, bendi ikapiga kidogo, kisha wote wakamtazama Subilaga. Yeye aliyekuwa akiona kila jina dogo, leo aliyaona yote makubwa. Akapanda ngazi, akashuka. Akapanda tena. Mchoraji kachovya brashi, rangi inadondoka, na paji lina nafasi ya jina moja tu.

Haya, nyinyi mlioketi mkanisikiliza, msinitazame mimi. Brashi iko mikononi mwenu. Je, nani alistahili?