Padri Korongo Akataa Kubariki Meli

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitika kama wenye njaa. Paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na mapadri wao na meli zao za vita, alikuwepo Padri Korongo. Miguu mirefu, shingo ndefu, kichwa kimejaa hesabu. Asubuhi anawasalisha mabaharia. Mchana anaandika kitabu: kwa nini meli hii husimama, kwa nini ile hupinduka. Miaka kumi na miwili, anaandika tu.

Basi Mfalme Kiboko akajenga meli. Ghorofa moja, mbili, tatu! Juu kabisa akaweka kiti chake cha mawe.

Padri akachonga kimeli cha mfano. Akakitia kwenye beseni, akakibebesha kokoto juu. Pindu! Akarudia. Pindu! Akakimbilia kwa mfalme.

"Mtukufu, meli yako itapinduka."

"Fundi Nyani amejenga meli arobaini kwa jicho tu. Wewe umejenga ngapi?"

"Hata moja. Ila nimezika mabaharia wengi."

"Mimi maji siyaogopi!"

"Kwako maji ni kitanda. Nyani mia mbili watakaopanda, je?"

Mfalme akafura. "Kesho bariki, au vua kanzu!"

Padri aliogopa, nisiwadanganye. Lakini hakurudi nyuma. "Nitakuja. Ila meli ifungwe gatini, maji yawe ya kiunoni."

Sasa, mabaharia wa huko walikuwa na desturi: asiyepata tone la maji ya baraka hasafiri. Siku zote Padri aliyanyunyiza akizunguka meli nzima. Siku hiyo, nyani wote wakiwa wamepanda na Mfalme kitini juu, Padri akasimama gatini upande mmoja.

"Mtukufu, nakwambia mapema. Wakija wote hapa, italala."

"Nyunyiza!"

Akanyunyiza. Nyani mia mbili, puru puru puru, wote upande ule! Meli ikalia kwaaa! Ikalala. Kiti, chubwi! Mfalme, chubwi! Nyani wakapiga mayowe, maji kiunoni, lakini wazima wote.

Fundi Nyani akavua kofia. "Padri, jicho langu limenidanganya."

Mfalme akaibuka, matope mpaka masikioni. "Haya, umeshinda. Iinueni, ibarikiwe, twende."

"Bado. Ghorofa ya juu ikatwe kwanza."

"Na kiti changu?"

"Kikae chini kabisa, Mtukufu. Huko uzito wako utatufaa."

Meli ikainuliwa, ghorofa ikakatwa, kiti kikawekwa chini. Mfalme akaguna, akaguna, akashuka, akakaa. Meli ikasimama wima. Ndipo Padri akaibariki, pande zote mbili.

Funzo ni hili: kiongozi asipime hatari kwa usalama wake peke yake, na anayeujua ukweli aushikilie hata akitishwa. Hadithi yangu imeishia hapo gatini. Shukeni taratibu.