Kofia ya Mheshimiwa Mbwarali

Kofia hupimwa kwa kichwa, haipimwi kwa sifa. Mmeisikia leo barazani, redio ilipowataja wanaodhaniwa watawania urais, mzee mmoja akaitupa methali hiyo bila kuieleza. Mmenijia mbio mkidhani ni maneno ya vitabuni. Kaeni, na aliye karibu na birika animiminie kahawa. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji wa Mtondooni aliishi mshona kofia aitwaye Bi Mwanatumu. Kofia zake zilikuwa za mkono, zile za vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia moja ilimla miezi minne. Hakumshonea mtu bila kumpima. Alimzungushia uzi kichwani, akafunga fundo, akautundika uzi ule kwenye msumari ukutani. Karibu wanaume wote wa Mtondooni walikuwa na uzi pale, walio hai na waliokufa. Upepo wa alasiri ulipoingia dirishani nyuzi zilitikisika taratibu, naye alihisi kama wanapita kumjulia hali.

Mwaka huo macho yake yalikuwa yanamuaga. Vitobo viliogelea mbele yake, vikaungana, vikaachana. Akajua amebakiwa na kofia moja tu mikononi, na hofu yake ikawa moja: isije ikakosa mvaaji. Kofia isiyovaliwa, alizoea kusema, ni kitambaa kilichotobolewa bure.

Ndipo gazeti likaandika kwamba mbunge wao, Mheshimiwa Mbwarali Shee, huenda akagombea urais. Huenda, basi. Lakini neno hilo liliingia mjini kama harufu ya udi, likakaa katika kila nyumba. Wengine waliota barabara ya lami, wengine waliota watoto wao wakifanya kazi Ikulu. Wengine waliamka na hasira tu: mtu hajaonekana kwao mwaka wa tatu huu, sasa anataka nchi nzima?

Kamati ya mapokezi ikaundwa. Mwenyekiti wake, Mwalimu Harithi, mstaafu ambaye sauti yake haikustaafu, akaenda kwa Bi Mwanatumu na wenzake sita.

"Bi, Mheshimiwa anakuja siku ya tatu baada ya Maulidi. Anakuja kutangaza hapa hapa kwao. Mji umeamua avishwe kofia ya mkono wako."

"Na kichwa chake kiko wapi?"

"Kiko Bungeni."

"Basi kije nikipime."

"Ana shughuli nyingi, Bi. Wewe shona tu, sisi tunamjua."

Hapo alipaswa kukataa. Nasema hivyo mimi niliyekaa raha nanywa kahawa. Yeye alikuwa na macho yanayomuaga na mji umemsimamia mlangoni. Akafikiri: kofia yangu ya mwisho, juu ya kichwa cha rais. Nani asingeota? Akaota, akakubali.

Akaanza kuwauliza watu ukubwa wa kichwa kile. Mwalimu Harithi alifumba macho kabla ya kujibu. "Kipana, Bi. Kichwa cha kubeba nchi. Tia inchi ishirini na nne, na ukiweza uongeze."

Bi Zena, muuza vitumbua, hakumwacha amalize swali. "Kichwa gani? Kidaka cha nazi kile. Aliniahidi soko lenye paa, na mpaka leo mvua inanyeshea karai langu. Mshonee kofia ya mtoto."

Kinyozi alisema ni kikubwa, kwa kuwa binamu yake ameahidiwa kazi. Mke wa kinyozi alisema ni kidogo, kwa sababu hiyo hiyo. Wako walioapa, wako waliogombana hadi wakanyimana salamu, na katika wote hao hapakuwa na mmoja aliyewahi kukishika.

Alibaki Chande. Chande alikuwa hamali mwenye mvi, aliyemletea Bi maji kwa mkokoteni kila asubuhi. Kwa vile Bi hakuliona tena tundu la sindano, Chande alimtungia sindano kumi, akazichomeka kwenye kimto cha pamba, kisha akaendelea na safari zake.

"Na wewe Chande, kichwa chake unakionaje?"

Chande akalamba ncha ya uzi. "Mimi kichwa sijakiona, Bi. Niliona mkono, ukipunga dirishani mwa gari."

Hilo ndilo jibu la pekee la kweli alilopewa, na ndilo alilolipuuza. Wenye kusifu walikuwa wengi, au pengine walikuwa na sauti kubwa tu. Akakata kitambaa kwa kipimo cha Mwalimu Harithi.

Miezi minne alishona kama yumo usingizini. Katika kila kitobo aliona jambo: zulia jekundu, ngazi nyeupe, kofia yake ikipita polepole katikati ya majenerali. Mara nyingine uzi wa marehemu Mzee Shee, muuza mkaa, babake Mheshimiwa, ulitikisika peke yake ukutani hali hapana upepo. Bi alihisi kama anakatazwa. Akageuza kiti, akaupa mgongo.

Siku ikafika, uwanja ukajaa. Waliompenda walikaa mbele, waliomchukia walikaa nyuma, na wasio na hakika walisimama pembeni wakila miwa. Bi Mwanatumu akapandishwa jukwaani. Akaitoa kofia kwenye faroma, kile kibao cha mviringo cha kuinyooshea, akamvisha Mheshimiwa kwa mikono miwili.

Kofia ikashuka. Ikapita paji la uso, ikapita nyusi, ikatua puani. Mtu aliyekuja kuomba nchi nzima hakumwona hata aliyesimama mbele yake.

Nyuma wakaanza kucheka. Mbele Mwalimu Harithi akanong'ona, "Si neno, tutajazia gazeti kwa ndani." Bi Mwanatumu aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona uchungu, kwa kuwa nuru yake yote iliyobaki ameitia katika kitu kisichomfaa mtu.

Mheshimiwa akaiinua kofia kwa kidole. "Shangazi, nani alinipima?"

"Watu wako, mwanangu. Wanaokupenda walikupima kwa mapenzi, wanaokuchukia walikupima kwa hasira. Mimi nikaiacha kazi yangu, nikawafuata wanaokupenda. Kosa ni langu. Kofia hupimwa kwa kichwa, haipimwi kwa sifa."

Mheshimiwa alikuwa na hotuba mfukoni. Akaishika, hakuitoa. Kisha akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Basi nipime."

Bi akatoa uzi, akamzungushia, akafunga fundo. Hapo hakuhitaji macho. "Inchi ishirini na mbili," akasema. "Kichwa cha babako. Si kikubwa, si kidogo."

Hapakuwa na wa kupiga makofi wala wa kuzomea, maana kipimo hicho hakikuwa cha upande wowote.

"Na kofia je?" akauliza Bi Zena.

Ikapitishwa. Mwalimu Harithi ikamzama, kinyozi ikamzama. Ikaenda kichwa hadi kichwa, mpaka nyuma kabisa penye mkokoteni. Chande alikataa, Bi Zena akamvisha kwa nguvu. Ikamkaa. Haikulegea, haikubana. Ukutani kwa Bi Mwanatumu hapakuwa na uzi wa Chande, kwa kuwa hapana aliyewahi kufikiri kwamba Chande atavaa kofia ya mkono.

Bi akaongozwa hadi pale. Akapapasa ukingo wa kofia, akakizunguka chote kichwa cha mtu aliyemtungia sindano miezi minne. Akalia, wala hakujificha.

Mheshimiwa hakutangaza siku ile. Alikaa Mtondooni siku sita akitembea kwa miguu, na sokoni kwa Bi Zena alinyeshewa.

Je, aligombea? Naona macho yamewatoka. Aligombea, uchaguzi uliofuata. Wengine walimpa kura, wengine walimnyima, na Mtondooni waligombana vile vile. Lakini kila walipomkimbilia Bi Mwanatumu, wakati huo haoni kabisa, wakimsifu huyu na kumponda yule, yeye alinyoosha uzi wake mtupu na kusema, "Kileteni hicho kichwa." Na nje ukasikika mkokoteni ukipita na maji, mwenyewe kofia nyeupe kichwani.

Kofia hupimwa kwa kichwa, haipimwi kwa sifa.