Mto Ukinyamaza, Muulize wa Mlimani

Mto ukinyamaza, muulize wa mlimani.

Mmeusikia msemo huu leo kwa mwenyekiti, alipokataa kuipitisha ramani ya daraja kabla ya kumwita mzee Chaula ashuke kutoka juu mlimani aitazame. Nimewaona mkitazamana, na mmoja wenu akanong'ona kwamba mwenyekiti anapenda mafumbo. Si fumbo. Ni jambo lililotokea hapa hapa. Sogeeni, kila mmoja achukue kokoto na chungu kimoja, tulainishe huku nikiwaeleza.

Miaka hiyo barabara ilikuwa haijafika kwetu. Mbele tulikuwa na Ziwa Nyasa, nyuma milima imesimama kama ukuta, na katikati kipande cha ardhi ambacho mtu angekizunguka kabla jua halijawa kali. Kipande hicho kililetwa na Mto Lufundo, mchanga juu ya mchanga, tangu enzi za mababu. Wanawake walifinyanga. Wanaume walipakia vyungu kwenye mitumbwi, wakavivusha hadi mnadani ng'ambo ya ghuba na kurudi na mahindi na mchele. Na mto ulikuwa na kelele, usiku na mchana. Aliyezaliwa hapa aliusikia kabla hajaijua sauti ya mama yake, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeusikiliza.

Mkuu wa kijiji alikuwa Mzee Mwanjilwa. Mwanawe Lwitiko alioa mke kutoka Ukinga, juu kabisa kwenye baridi, binti aliyeitwa Twilumba. Binti huyo aliogopa mtumbwi. Hakujua kuwaanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu, wasiote funza, na chungu chake cha kwanza kilipinda mdomo kama mtu anayeumwa jino. Watu wakamwita "wa mlimani". Hawakumchukia, lakini lile lilikuwa jina la kumkumbusha kila siku kwamba hapa si kwao. Mama mkwe wake, Bibi Sekela, alimpenda na kumfundisha kuuponda udongo kwa subira. Hata yeye, Twilumba akisema neno kuhusu mvua au mawingu, alitabasamu na kumjibu, "Hayo ni ya kwenu, mwanangu."

Kuna jambo jingine ninyi hamkulikuta. Siku hizo mkamwana hakuonana na baba mkwe. Hakumtazama, hakusema naye, wala hakulitaja jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke alitoka njiani akaingia majanini na kujifunika kichwa mpaka mzee apite. Akiwa na neno, alilipeleka kwa kinywa cha mtu mwingine. Ilikuwa heshima, na kuivunja kulitisha: ilisemwa kwamba nyumba ya mwanamke wa namna hiyo haitasikia kilio cha mtoto.

Basi ilikuwa masika, mwezi wa nne. Mvua ilinyesha milimani siku tatu mfululizo. Lwitiko na vijana wenzake walikuwa mnadani. Siku ya nne jua likatoka, na watu walipoamka walihisi kuna kitu kimepungua. Walichukua muda kutambua ni nini. Kelele ya mto haikuwapo. Walipokwenda kutazama, walikuta mawe yamebaki wazi, samaki wanarukaruka kwenye vidimbwi, na pale kwenye kona, chini ya ukingo, tabaka zima la udongo wa kijivu, laini kama uji wa ulezi uliopoa. Udongo wa namna ile mama zetu walikuwa wakiufuata kwa safari ya nusu siku. Vigelegele vikapigwa. Kijiji kizima kikateremka mtoni na majembe na vikapu. Mama yangu alikuwa na miaka saba; naye alikuwamo, ameketi shimoni na mama yake, anachota kwa mikono miwili.

Twilumba alikuja na kikapu chake kama wengine. Alipofika ukingoni akasimama. Alitazama mto, akatazama juu milimani ambako mawingu yalikuwa bado meusi, na kikapu kikamponyoka.

"Mama!" alimwita Bibi Sekela. "Mama, tokeni humo!"

"Njoo uchimbe, mwanangu. Leo Mungu ametukumbuka."

"Mvua imenyesha siku tatu, Mama. Maji yamekwenda wapi?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Wa mlimani anaogopa maji yakiwepo, na yasipokuwepo anaogopa vilevile." Bibi Sekela hakucheka, lakini naye hakutoka. Alisema, "Mto ni kama mtu, huchoka. Kesho utarudi."

Twilumba akawaita tena, akawaita mara ya tatu, kisha akageuka na kukimbia. Hakukimbilia mlimani kujiokoa. Alikimbia hadi kwa Mzee Mwanjilwa, kwa sababu pale ukutani palining'inia pembe ya kijiji. Ilipulizwa na mkuu peke yake, na ikilia, mtu aliacha hata chakula mdomoni.

Mzee alikuwa barazani anasuka wavu. Goti lilikuwa linamuuma, ndiyo maana hakuteremka mtoni. Aliinua macho akamwona mke wa mwanawe amesimama mbele yake, kichwa wazi, anahema. Haraka akajivutia nguo usoni na kugeukia ukuta.

"Nani huyu amepotea njia?" aliuliza.

"Sikupotea, Baba. Ni mimi, wa mlimani. Najua ninachokivunja. Ukinifukuza kesho, nitaondoka. Leo puliza pembe."

Twilumba akaendelea, maneno yakimtoka mbiombio.

"Nilipokuwa mdogo, kijito cha kwetu kilinyamaza hivi hivi, wakati wa mvua. Watu wakafurahi wakaingia kuokota kaa. Kumbe huko juu mlima ulikuwa umeanguka, udongo umeziba bonde, na maji yanajaa nyuma yake. Yalipopasua, hatukusikia maji. Tulisikia mawe. Shangazi yangu alikuwa mle, na watoto wake wawili. Baba, mto hauchoki. Ukinyamaza, kuna kitu kimeushika."

"Umenyamaza tangu lini?" mzee aliuliza, bado ameugeukia ukuta.

"Tangu jogoo wa kwanza. Nilikuwa macho. Nilidhani naota niko kwetu."

Mama yangu alisema kwamba baadaye mzee aliulizwa ni kitu gani kilichomfanya aamini. Alijibu kuwa alihesabu moyoni. Mwanamke yule alikuwa amebeba hofu mbili, hofu ya mwiko na hofu ya mto, na hofu ya mto ndiyo iliyoshinda. "Nikajua huo mto unatisha kweli," alisema.

Aliinuka na goti lake bovu, akaitungua pembe, akaipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Mtoni watu waliacha majembe. Walipanda ukingo wakidhani kuna msiba au kuna simba. Mzee alikuwa amejikongoja hadi kwenye mwinuko wa makaburi, akawapungia mkono, nao wakapanda huko, wengine wakinung'unika kwa ajili ya udongo wao. Wa mwisho walikuwa nyanya yangu na mama yangu, kwa kuwa mtoto alikataa kuacha donge alilokuwa amelifinyanga likawa ng'ombe. Bibi Sekela alirudi akambeba mgongoni. Walikuwa bado wanapanda mwinuko ardhi ilipoanza kutikisika chini ya miguu.

Hawakusikia maji. Walisikia mawe.

Ukuta wa matope ulishuka na magogo na majabali makubwa kama nyumba, ukapita pale kwenye kona, ukaingia ziwani, na ziwa likawa jekundu mpaka mbali. Nyumba saba zilikwenda. Mbuzi walikwenda, na vyungu vyote vilivyokuwa vinangoja kuchomwa. Kelele ilipopungua, Mzee Mwanjilwa aliwaita watu kwa majina, nyumba hadi nyumba. Ukiwaacha wale waliokuwa mnadani, kila jina liliitikiwa. Alipomaliza aliketi chini akalia mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipowazika wazazi wake.

Siku chache baadaye wazee wawili walikuja kukumbusha kwamba mwiko umevunjwa na mwanamke hana budi kutakaswa. Bibi Sekela akawajibu kabla mumewe hajafungua kinywa. "Mtakaseni. Lakini kwanza nitakaseni mimi niliyemcheka moyoni, kisha kawatakaseni wake zenu waliomcheka mdomoni." Wazee waliondoka, na neno lile halikurudi.

Mzee mwenyewe aliona kushukuru kwa maneno hakutoshi. Kiangazi kilipofika, kila nyumba ilitoa chungu kimoja, kizuri kuliko vyote ilivyokuwa navyo. Akachukua watu kumi, pamoja na Lwitiko na mkewe, wakapanda mlima kwenda kuwashukuru wazazi wa Twilumba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wetu kupanda mpaka juu. Mzee alitembea kwa fimbo, akipumzika kila kona. Siku ya kwanza walipita pale mlima ulipoanguka, kidonda chekundu katikati ya msitu. Siku ya pili, kwenye majani mafupi na upepo wa baridi, Twilumba alitangulia akawaonyesha jicho la maji chini ya jiwe, dogo, mtu angeliziba kwa kofia.

"Huu ndio Lufundo," alisema.

Walishangaa. Mto waliouita wao siku zote ulikuwa umezaliwa kwa watu wengine. Mzee aliinama akanywa, kisha akageuka, akaliona ziwa huko chini, limelala kimya, na kijiji chao hakionekani kwa udogo.

Kwa wazazi wa binti walitua vyungu mlangoni, ishirini na tisa. Mama yake Twilumba alishika mashavu. "Mnatushukuru kwa lipi? Sisi tulimfundisha kusikiliza tu."

"Hilo ndilo sisi hatukulijua," Mzee Mwanjilwa alijibu. "Tulikuwa na masikio na mto tunao, lakini ulipozungumza hatukuelewa. Mliyetupa ndiye aliyeelewa." Kisha akawageukia watu wake, na kwa mara ya kwanza akamtazama mkamwana wake usoni mbele ya wote. "Jina tulilomwita kwa kumcheka, tangu leo litajeni kwa heshima. Na muwaambie watoto wenu. Mto ukinyamaza, muulize wa mlimani."

Mama yangu aliniambia maneno hayo nikiwa na umri kama wenu. Kama pembe isingelia, mimi nisingezaliwa, na hapa mlipoketi pasingekuwa na mtu. Basi mkienda popote mkakuta mgeni anayejua asilojua mwenyeji, msimcheke. Mpeni kigoda mumuulize.

Mto ukinyamaza, muulize wa mlimani.