Neno Lililomkwama Bi Tumadhir

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Yemeni alikuwako mkunga mchamungu, Bi Tumadhir. Jumatatu na Alhamisi kafunga, tasbihi haimtoki mkononi. Ila alipenda kusifiwa. Nani hapendi!

Siku moja alikwenda kumtazama Lubaba, mzazi wa siku ishirini, aliyekuwa akiumwa mgongo. Chumba kimejaa wanawake, umbea na kahawa. Bi Tumadhir akampa mzizi wa kuchemsha.

"Bibi, nami nanyonyesha. Hautamdhuru mtoto?"

Hakujua. Mzizi ule aliwapa wazee wenye baridi yabisi, si mnyonyeshaji hata mmoja. Lakini macho yote yale yakimtazama, neno "sijui" likamkwama kooni.

"Mzizi tu huo, mwanangu. Kauumba Mola. Kunywa."

Siku ya tatu mtoto hashiki titi. Analala tu, ukimfinya halii. Wanawake, badala ya kukitazama kikombe, wakamtazama mke mwenza, Zuhayra, ambaye hakujaaliwa kuzaa.

"Kijicho hicho! Jana si alimbeba?"

"Na kumbusu juu! Nimemwona kwa macho yangu."

Bi Tumadhir aliyasikia, akajiendea zake kuswali. Swala haikumtuliza, kila akisujudu alimwona yule mtoto. Akisema, hapana mzazi atakayemwita tena. Asiposema, kichanga kitazikwa.

Alfajiri akajitanda shuka, akaenda kwa Lubaba, akasema mbele ya wote:

"Si kijicho. Ni mzizi wangu, umepita katika maziwa. Niliulizwa nisilolijua, nikajifanya najua. Mwageni."

Wakamwaga, na matusi wakammwagia yeye. Mtoto akatafutiwa mwanamke mwingine wa kumnyonyesha, hata Ijumaa akalia, nyumba nzima ikamshukuru Mungu.

Zuhayra hakuwamo. Magharibi ya siku ile ya maneno mumewe alikwisha kumtamkia talaka tatu, naye kafungasha nguo zake, kaenda kwa kaka yake. Talaka tatu, wenzangu, hazirudi kwa ushahidi wa mkunga.

Bi Tumadhir akamfuata kumwomba radhi. Zuhayra akasimama mlangoni.

"Mtoto mzima?"

"Mzima, mwanangu."

"Alhamdulillahi. Basi nenda, bibi. Usinililie hapa. Machozi hayo yangenifaa kabla sijaachwa."

Mola aikubali toba ya yule bibi, maana ukweli wake uliokoa roho. Lakini ninyi mnaotugawia majani na mizizi kwa midomo mitamu, mkiulizwa msilolijua semeni hamjui, hata mbele za watu. Anayenyonyesha hanywi peke yake.